Duka la Video na Somo la Sajili

Kila nianzapo kuwasomesha wanafunzi wa chuo kikuu mada ya sajili, yaani jinsi lugha inavyobadilika kulingana na mzungumzaji, mahali na shughuli, mawazo yangu hurudi kwenye chumba kimoja cha mabati sokoni Ruiri, katika njia itokayo Meru kwenda Isiolo. Chumba hicho kilikuwa duka la kukodisha kanda za video. Hakuna aliyekiita shule. Mwanafunzi aliyeonekana akitoka humo siku ya masomo alijua fika kwamba fimbo ingemngoja kesho yake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Kanda za VHS, aina iliyozinduliwa nchini Japani mwaka 1976, zilipangwa kwenye rafu za mbao: za Bruce Lee, za Jackie Chan, na ile ya Commando ambayo haikukaa rafuni hata siku moja. Nyingi zilikuwa nakala za nakala, picha zimejaa chenga, na sidhani wenye haki walipata hata ndururu. Mkodishaji alilipa shilingi 20 na kuacha kitambulisho kama rehani. Sisi watoto tulichanga sarafu, kisha tukambembeleza jirani mmoja, mwalimu aliyekuwa na runinga na deki, atukodie. Kanda ilipaswa kurudishwa kesho yake ikiwa imezungushwa hadi mwanzo. Aliyesahau alitozwa faini.

Wasiokuwa na jirani wa namna hiyo walijazana katika chumba cha nyuma siku za soko. Humo mwenye duka, kijana aliyeishia darasa la nane, alipunguza sauti ya filamu na kuisimulia mwenyewe. Kwa kuwa Wameru walikaa hapo na wafanyabiashara kutoka Isiolo, Waborana na Wasomali, alisimulia kwa Kiswahili. Lakini si Kiswahili kimoja. Jenerali alizungumza kama chifu barazani. Tajiri mwovu alijibu kama mchuuzi anayekataa kupunguza bei. Majambazi walipewa Sheng ya makanga wa matatu. Naye mkongwe wa Kichina, aliyemfunza kijana kupigana, alitoa mawaidha kwa methali na vituo virefu, utadhani ni mzee wa Njuri Ncheke. Watu walicheka kwa sababu walimtambua kila mmoja. Naam, hiyo ndiyo sajili, nasi tuliielewa kabla ya kulijua jina lake.

Kijana yule hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Wajapani walikuwa na wasimulizi wao, benshi, tangu enzi ya filamu zisizo na sauti. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, Uganda ina wasimulizi wake wa Kiganda, nasi Wakenya tunaye DJ Afro.

Najua walimu wenzangu watasema kwamba simulizi hizo ziliharibu sarufi, na kwamba filamu zenyewe zilikuwa za kuuana tu. Siwezi kuwakanusha kabisa. Hata hivyo, nina deni ambalo lawama hizo hazinilipii. Baadhi ya simulizi zake kijana yule alizirekodi juu ya kanda na kuzikodisha. Sahani za CD zilipoingia na duka likafungwa, aliniita, akanionyesha katoni nzima, akasema, “Chukua, wewe ndiwe msomi wa lugha.” Wakati huo nilikuwa najiandaa kwa masomo ya uzamili. Nilizitazama nikaziona takataka, nikamshukuru kwa adabu na kwenda zangu.

Miaka kadhaa baadaye, nilipohitaji mifano ya usimulizi wa papo kwa papo, nilirudi kumtafuta. Alinipeleka shambani. Kanda zilikuwa zimevunjwa, na utepe wake mweusi umefungwa kutoka kigingi hadi kigingi juu ya mtama, ukivuma kwa upepo ili kuwafukuza ndege. Hakunilaumu. Alisema ndege walikuwa wamepungua.

Leo wanafunzi hunijia wakiwa wamekariri sifa za sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya sokoni, lakini ni wachache waliowahi kukaa mnadani wakamsikiliza mnadi. Simu waliyo nayo mkononi inaweza kurekodi kuliko mtambo wowote tuliowahi kuota. Watumwe, basi, wakarekodi kwa idhini, wayaandike yaliyosemwa, kisha waje darasani kubishana.

Kuhusu kanda, muda unatuacha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuunda deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016, na utepe nao huoza. Mwalimu mwenzangu, ukikuta darini kanda yenye sauti ya msimulizi wa kijijini kwenu, itafutie deki uisikilize kabla ya kuamua kwamba ni takataka. Mimi niliamua bila kusikiliza.