Ndege Inayolikimbiza Jua

Sogeeni, wajukuu, leo tunakwenda Bara Arabu. Riyadh, mji mkuu wa Saudia, umekaa katikati ya nchi, jangwani. Jeddah uko magharibi, kando ya Bahari ya Shamu. Kwa gari ni kilomita 950 hivi, safari ya kutwa nzima. Ndege haifuati kona za barabara. Kwake ni kama kilomita 850, karibu sawa na umbali wa angani kati ya Dar es Salaam na Mwanza.

Haya, tupige hesabu. Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu hukata zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Basi saa moja na dakika chache zingetosha. Mbona tiketi inaandika saa moja na dakika arobaini na kitu? Kwa sababu saa ya tiketi huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa, na haikomi mpaka isimame kabisa kule iendako. Hapo katikati itambae hadi njia ya kurukia, ingoje zamu, ipande; kisha ipunguze mwendo, ivuke milima ya Hijaz na kuteremka kuelekea pwani. Kasi kamili huipata kwa kipande tu cha safari.

Zamani ndege zilikuwa za polepole zaidi. Mwaka 1945 Rais Roosevelt wa Marekani alimzawadia Mfalme Abdulaziz wa Saudia ndege aina ya DC-3, ya mapangaboi. Hiyo ilikwenda kilomita 300 hivi kwa saa. Gawanyeni wenyewe muone: kutoka Riyadh hadi Jeddah, karibu saa tatu angani.

Kabla ya Jeddah, upande wa Taif, kuna mikati, yaani mpaka wa kuingia ihramu, ya Qarn al-Manazil. Anayekwenda umra kutoka Riyadh hana budi awe ameshahirimia kabla ya kuivuka, na ndege huivuka kufumba na kufumbua. Ndiyo maana abiria hutangaziwa mapema, na wengi huvaa ihramu kabla hata ya kupanda.

Lakini linalonipendeza mimi kuliko yote ni jua. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Jeddah uko magharibi ya Riyadh kwa nyuzi 7 na nusu. Saa za ukutani ni zilezile, tena ni sawa na zetu Afrika Mashariki, ila jua la Jeddah huchelewa kutua kwa nusu saa hivi. Mwenye saumu ya Ramadhani akiruka kutoka Riyadh saa kumi alasiri, magharibi ya Riyadh haimhusu tena. Atangoja ya Jeddah, huku ndege ikilikimbiza jua isilifikie.

Akirudi, mambo hugeuka: anaelekea mashariki, jua linamtulia mapema, na majira ya baridi upepo mkali wa juu, utokao magharibi, huisukuma ndege kwa nyuma ikafika upesi zaidi.