MTOTO MGONJWA NA KAZI: USIMTOE WODINI MAPEMA

Ndugu mzazi, siku ya kibarua au ya mgao, wodi ya watoto hupungua watu. Watoto hawajapona, wazazi wamewahi kazini. Sisi wahamasishaji wa afya huwakuta nyumbani, dozi haijaisha, wakilindwa na dada wa miaka 7.

Tunajua njaa haisubiri. Lakini mwambie msimamizi wako mapema, na uulize kiongozi wa mtaa ni nani anaruhusiwa kukuchukulia mgao. Ukilazimika kutoka, mwachie mtoto mtu mzima anayejua saa za dawa. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akipoteza fahamu, mtu huyo asikusubiri: amwite muuguzi mara moja.

Kibarua kikipotea hutafutwa kingine. Mtoto je?