Jina Likichafuliwa Chuoni: Kushtaki au Kuacha

Mwanafunzi aliyesingiziwa wizi, mwakenya (kudanganya katika mtihani) au jambo zito kuliko hayo hutangulia kupandwa na hasira, na hasira ndiyo humfikisha kwa wakili. Wakili naye ana maswali ya baridi: maneno yenyewe yalikuwa yapi, yalisemwa kwa lugha gani, yalimfikia nani, na lini? Hayo ndiyo huamua kama kuna kesi. Uchungu wa moyoni huja baadaye sana, pale hakimu anapopima fidia.

Sheria inayohusika nchini Kenya ni Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, ambayo imekuwepo tangu 1970. Juu yake ipo Katiba ya 2010. Ibara ya 33 inampa kila mtu uhuru wa kusema, kisha ibara hiyohiyo inamtaka anayesema aheshimu haki na heshima ya wengine. Kwa miaka mingi kumchafulia mtu jina kulikuwa pia kosa la jinai, na aliyesema angeweza kufungwa. Hilo lilikoma tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kwa hiyo anayekwenda kituo cha polisi kutaka aliyemkashifu akamatwe kwa kosa hilo hurudishwa. Kashfa sasa ni daawa ya madai, na aliyeumizwa ndiye anayeibeba mwenyewe, kwa gharama yake.

Ili daawa isimame, mlalamishi huonyesha kwamba maneno yanamshusha mbele ya watu wenye akili timamu, kwamba yanamhusu yeye, kwamba mdaiwa ndiye aliyeyatoa, kwamba yalimfikia mtu wa tatu, na kwamba ni ya uongo yaliyotolewa kwa nia mbaya. Tusi la ana kwa ana, wawili peke yao chumbani, si kashfa hata likiwa chafu namna gani. Na mdaiwa akithibitisha kwamba alichosema ni kweli, kesi imekwisha.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu huanza kwa sababu shutuma ya chuoni haikai mahali pamoja. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepanga chumba Nyalenda, kama wafanyavyo wanafunzi wengi wa vyuo vya Kisumu, kwa kuwa kodi ni nafuu na mjini ni karibu. Laptopu ya mwenzake imepotea. Mwenye laptopu anaandika malalamiko kwa ofisi ya chuo akimtaja jirani yake wa ploti. Jioni hiyohiyo anaweka jina na picha ya jirani huyo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na kuandika kwamba huyu ni mwizi. Kesho yake mwenye nyumba anajua, mama wa kibanda cha omena anajua, na habari zimefika hadi Dunga kabla kamati ya nidhamu haijaketi.

Shutuma ni ileile, lakini mbele ya sheria imepita njia mbili zisizofanana. Barua iliyopelekwa chuoni ina kinga yenye masharti: aliyeiandika alikuwa na sababu ya kulalamika, na ofisi iliyoipokea ilikuwa na wajibu wa kusikiliza. Kadhalika ripoti iliyoandikishwa polisi. Kinga hiyo haiondoki kwa sababu tu mlalamikaji alikosea. Huondoka ikithibitishwa kwamba alijua anasema uongo, au kwamba alilitumia lalamiko kulipiza kisasi cha jambo jingine. Ujumbe wa WhatsApp, kwa upande mwingine, hauna ngao ya aina hiyo. Darasa zima halikuwa na wajibu wowote wa kupokea tuhuma ya wizi.

Wanafunzi wengi, na wazazi wao zaidi, huchanganya njia hizi mbili na kutaka kushtaki juu ya ile barua, kwa sababu ndiyo iliyowaletea wito wa kamati na hofu ya kusimamishwa masomo. Mara nyingi hiyo ndiyo kesi dhaifu. Kesi yenye nguvu, kama ipo, iko kwenye simu. Na ni vema iwe hivyo. Kila lalamiko rasmi likigeuka kesi ya mahakamani, hakuna mwanafunzi wa kike atakayethubutu kumripoti mhadhiri anayemsumbua.

Sheria pia hutenganisha maandishi na maneno ya mdomo. Aliyekashifiwa kwa maandishi hahitaji kuonyesha hasara ya fedha. Hasara huchukuliwa kuwa ipo. Aliyekashifiwa kwa mdomo kwa kawaida hutakiwa kuonyesha alichopoteza, isipokuwa maneno yenyewe yakimtuhumu kosa la kufungwa jela au yakimharibia kazi au taaluma yake. Kumwita mtu mwizi mbele ya foleni ya mferejini kunaingia humo. Kumwita mvivu au mchoyo hakuingii.

Ushahidi ndio huangusha kesi nyingi. Mahakama hutaka maneno yenyewe, neno kwa neno, yaandikwe ndani ya hati ya madai. Muhtasari wa kwamba fulani alinisema vibaya hautoshi. Nyalenda jambo hili lina uzito wake, maana shutuma nyingi hutamkwa kwa Dholuo, au kwa mchanganyiko wa Dholuo, Kiswahili na Sheng katika sentensi moja. Maneno huandikwa kama yalivyosemwa, kwa lugha iliyotumika, kisha tafsiri yake huwekwa kando. Mlalamishi anayepeleka tafsiri peke yake humpa wakili wa upande wa pili zawadi.

Picha ya skrini nayo haitoshi kuchapishwa kwenye saiba na kubandikwa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa, kikiwa kimetiwa saini na mtu anayehusika na kifaa hicho. Busara ni kuihifadhi simu yenyewe, kutofuta mazungumzo, kutojitoa kwenye kundi kwa hasira, na kuandika namba, tarehe na saa za ujumbe. Kila aliyeusambaza ujumbe ule kwa kundi jingine ametenda kashfa yake mwenyewe; kwamba aliupokea tu kutoka kwa mtu si utetezi.

Kisha anahitajika shahidi. Mlalamishi hawezi kujisimamia mwenyewe na kusema kwamba heshima yake imeshuka, kwa kuwa heshima huishi machoni pa wengine. Korti za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikiwemo, zimezitupa kesi ambazo hakuna mtu wa pembeni aliyekuja kueleza kwamba baada ya kusoma au kusikia yale maneno alimwona mlalamishi kwa jicho jingine. Mwanafunzi aliye na marafiki ishirini wanaomwambia kwamba hawakuamini hata kidogo amefarijika, ila kesi yake imepungua. Mwenye nyumba aliyempa notisi ya kuhama kwa sababu ya ujumbe ule ni shahidi bora kuliko hao wote.

Halafu kuna kalenda. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inatoa miaka mitatu kwa madai mengi ya madhara, lakini kashfa imetengewa miezi 12 tu tangu maneno yalipotolewa. Vyuo haviendi kwa mwendo huo. Kamati ya nidhamu huahirishwa, mgomo hufunga chuo, likizo huingia, rufaa ya ndani hungoja kikao. Mwanafunzi aliyeamua kusubiri hadi chuo kimsafishe ndipo ashtaki anaweza kusafishwa mwezi wa kumi na tatu, akiwa na barua nzuri mkononi na mlango wa mahakama umefungwa. Hakuna kinachomzuia kufungua daawa huku kamati ikiendelea. Siku za kuhesabu zinaanza na ujumbe, wala hazingoji uamuzi wa chuo.

Chuo chenyewe kina mlango wake. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 zinakitaka kimpe mwanafunzi notisi, nafasi ya kujitetea na sababu za uamuzi kwa maandishi. Kilichomfukuza bila hayo kinaweza kupelekwa Mahakama Kuu ya Kisumu ili uamuzi wake ubatilishwe, baada ya rufaa za ndani kutumika. Anayeomba ubatilishaji kwa utaratibu wa kawaida wa mapitio ya mahakama ana miezi 6. Hiyo si kesi ya kashfa na haileti fidia ya jina, lakini kwa mtu anayetaka kurudi darasani ndiyo yenye maana zaidi. Inashangaza jinsi inavyosahaulika.

Milango ya mahakama kwa kashfa ni michache kuliko watu wanavyodhani. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ni ya haraka na hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, imekatazwa na sheria yake ya 2016 kusikiliza kashfa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo imeiweka kashfa kando, pamoja na kodi na ukusanyaji wa madeni, kwa hiyo mwanafunzi maskini hawezi kutegemea wakili wa serikali. Wala wakili haruhusiwi kukubaliana na mteja kwamba atalipwa tu wakishinda. Sheria ya Mawakili inakataza mapatano ya namna hiyo. Kinachobaki ni mahakama ya hakimu, ambako hakimu mkuu anaweza kuamua madai hadi shilingi milioni 20, au Mahakama Kuu. Na kwa kawaida anayeshindwa hulipa gharama za mwenzake. Ukiyaweka haya yote pamoja, sheria ya kashfa imebaki chombo cha wenye uwezo.

Kesi zinazojulikana zinaonyesha hivyo. Mwaka 2000 mwanasiasa Nicholas Biwott alipewa shilingi milioni 30 kwa kitabu kilichomhusisha na mauaji ya Robert Ouko, waziri aliyezaliwa Kisumu na kuuawa Februari 1990. Mwaka 2019 hakimu wa Nairobi aliamuru mshairi Shailja Patel na msomi Wambui Mwangi wamlipe mwandishi Tony Mochama jumla ya shilingi milioni 9 kwa madai ya udhalilishaji wa kingono yaliyotangazwa mtandaoni miaka mitano kabla. Watetezi wa haki za wanawake walilalamika kwamba hukumu hiyo ingewafunga midomo waathiriwa. Mwanafunzi akizisikia namba hizo huona utajiri.

Kiwango kinachomhusu zaidi kimo katika kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa. Kashfa ya maandishi ikimtuhumu mtu kosa linaloadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 3, fidia haiwezi kuwa chini ya shilingi 400,000. Likiwa ni kosa la kunyongwa, haiwezi kuwa chini ya milioni 1. Wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 3 chini ya Kanuni ya Adhabu, na ubakaji una zaidi ya hapo. Mwakenya katika mtihani wa ndani wa chuo ni suala la nidhamu, hivyo kiwango hicho hakiugusi, ijapokuwa hakimu bado anaweza kutoa fidia aionayo kuwa ya haki.

Lakini nani atalipa? Aliyeandika ule ujumbe yumkini naye anaishi kwa mkopo wa masomo wa HELB na anadaiwa kodi ya miezi miwili. Hukumu ya shilingi 400,000 dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi, na wakili wa mlalamishi atataka malipo yake vilevile. Hali hubadilika ikiwa aliyekashifu ni mhadhiri aliyesema akiwa kazini, au ni chuo chenyewe kilichobandika jina ubaoni kabla ya kusikiliza. Hapo mwajiri anaweza kuwajibika, na kuna mfuko.

Gharama nyingine haionekani kwenye stakabadhi. Kesi ya kashfa husikilizwa hadharani, maneno yale machafu husomwa upya mahakamani, na maisha ya mlalamishi hupekuliwa na wakili wa upande wa pili. Hukumu za Mahakama Kuu huchapishwa na Kenya Law na kubaki mtandaoni. Tuhuma ambayo ingesahaulika na darasa moja baada ya kuhitimu inaweza kumkuta mwajiri anayetafuta jina la mwombaji kazi miaka kumi baadaye, hata kama mwombaji huyo alishinda. Kwa tuhuma ndogo iliyosikiwa na watu wachache, hii peke yake ni sababu ya kutosha kuacha. Kwa tuhuma ya ubakaji au wizi iliyokwisha kusambaa, mambo hugeuka: tuhuma iko mtandaoni tayari, na hukumu huwa jibu lake.

Katikati ya kushtaki na kunyamaza kuna nafasi pana, na mambo mengi huishia hapo. Hatua ya kwanza ni barua ya wakili inayonukuu maneno, kueleza kwa nini ni ya uongo, na kudai mambo ya wazi: ujumbe ufutwe, msamaha uandikwe katika kundi lilelile, barua ipelekwe kwa mwenye nyumba na chuoni. Aliyekosea ana sababu ya kukubali, maana msamaha wa mapema hupunguza fidia endapo kesi itafika mbele. Kwa wengine kazi hii hufanywa na mzee wa mtaa, chifu au mchungaji, na Ibara ya 159 ya Katiba inaitaka mahakama kuunga mkono njia kama hizo. Kasoro ya usuluhishi wa baraza ni kwamba hauisimamishi ile miezi 12, na mwenye hila anaweza kuahidi kuomba radhi kila Jumapili hadi mwaka uishe. Kwa sababu hiyo mawakili wengine hufungua daawa kwanza, kisha huomba ipelekwe kwenye upatanishi unaosimamiwa na mahakama. Makubaliano yakifikiwa huko huandikwa, hutiwa saini na kuwasilishwa kortini, na kuanzia hapo yana nguvu ya amri ya mahakama.