Kitambaa cha Kimia kwa Nywele Wakati wa Kaskazi

Tangu mwezi wa Desemba hata mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi uvumapo katika pwani ya Malindi na Kilifi, joto la mchana hupita digrii 30 za Sentigredi, na hewa hujaa unyevu hata jasho halikauki upesi. Katika siku hizo mwanamke aliyejifunga kichwa kwa kitambaa kizito hupata taabu: kichwa humwasha, na nywele huloa na kutoa harufu. Tena wengi, ili kitambaa kisiteleze, hukikaza sana juu ya paji la uso, na nywele za panjani hukatika kidogo kidogo mpaka mahali pale pakabaki wazi. Yafaa basi tueleze namna ya kufuma kitambaa chepesi kwa sindano ya kroshia, kazi ambayo mama mwenye subira aweza kuimaliza kwa jioni chache.

Jambo kubwa ni matundu. Watu wa pwani hutumia neno moja, kimia, kwa wavu wa kutupa wa mvuvi na kwa kitambaa kilichofumwa kwa matundu, wala si ajabu, maana umbo ni lile lile. Kofia za viua wavaazo wanaume nazo zina vitundu vingi vilivyoshonwa kwa makusudi, na hewa hupita. Kwa nini basi akina mama wasipate faida hiyo hiyo?

Jambo la pili ni uzi, na hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Uzi wa pamba hunywa jasho. Upepo upitapo katika matundu hulikausha, na maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la kichwa pamoja nayo. Uzi wa sufu, na ule wa viwandani ufananao na sufu, una rangi za kupendeza, lakini huo ni uzi wa sweta za watoto wa Limuru, si wa nywele za mtu wa Mambrui. Donge moja la pamba nyembamba la gramu 50 litatosha. Kabla ya kuanza, loweka kipande cha uzi wa rangi na kukifinya katika kitambaa cheupe. Kama rangi inatoka, usiutumie, ama sivyo jasho litaitoa juu ya shingo yako.

Kazi za pamba si ngeni katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona nguo zilizofumwa huko zikipelekwa hata Misri, na katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vilivyotumiwa kusokotea uzi. Kroshia ndiyo iliyo ngeni. Jina lake ni la Kifaransa, maana yake ndoano ndogo. Huko Ireland, njaa kuu ilipoingia mwaka 1845 kwa kuoza viazi, wanawake wengi maskini walifundishwa kazi hii, na kwa ndoano hiyo wakanunua chakula cha watoto wao. Katika Kenya, vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kushona na kufuma katika vijiji vingi.

Sasa tuanze. Chagua sindano ya milimita 2.5, namba hiyo aghalabu imepigwa chapa kwenye mpini. Mishono ni miwili tu. Wa kwanza ni mnyororo, yaani vitanzi vinavyofuatana. Wa pili tuuite nguzo: zungusha uzi mara moja juu ya sindano, ichomeke mahali pa kufumia, vuta uzi upate vitanzi vitatu; vuta uzi katika viwili, kisha tena katika viwili vilivyobaki.

Fuma mnyororo wa vitanzi 6, kisha nguzo moja katika kitanzi cha kwanza kabisa. Umepata tundu moja, nalo ndilo ncha ya nyuma ya kitambaa. Geuza kazi. Fuma vitanzi 5: vitatu vinasimama badala ya nguzo, na viwili ni paa la tundu. Fuma nguzo juu ya ile nguzo ya safu iliyopita, pale pale ulipoanzia. Fuma vitanzi 2, na nguzo katika kitanzi cha nne cha mnyororo wa mwanzo. Kisha vitanzi 2 tena, na nguzo nyingine pale pale. Safu ya pili ina matundu 3.

Safu zote zifuatazo ni namna moja. Anza kwa vitanzi 5 na nguzo pale pale. Halafu vitanzi 2 na nguzo juu ya kila nguzo. Na mwishoni fuma nguzo mbili, zikitengwa na vitanzi 2, katika kitanzi cha tatu cha ule mnyororo wa 5. Kila safu huongeza matundu mawili: 3, 5, 7, 9. Ukihesabu na kupata namba isiyo witiri, umesahau kuongeza upande mmoja. Fumua safu hiyo tu. Baada ya safu 30 utakuwa na matundu 59 juu, na matundu 900 kwa jumla. Kama kila tundu ni kadiri ya sentimita moja, upana utakuwa karibu sentimita 60.

Usivute uzi kwa nguvu. Mkono mzito hufanya kitambaa kigumu kama jamvi, na faida yote hupotea.

Kwa kamba za kufungia, endeleza mnyororo wa sentimita 35 kutoka kila pembe, kisha rudi juu yake kwa mishono mifupi. Funga kisogoni, chini ya nywele, na uache nafasi ya kidole kimoja kupita katika paji la uso.

Mwanamke apendaye kustiri nywele asidhani kimia kitamtosha peke yake, maana nywele huonekana. Akivae chini ya mtandio, nacho kitainua nguo isigande kichwani. Vile vile shambani saa sita ya mchana matundu hayazuii jua, na leso juu yake ni lazima.

Kioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo. Pamba iliyoloa ni nzito na hurefuka, kwa hiyo usikitundike kwa pembe. Kitandaze juu ya mkeka kivulini, kivute taratibu mpaka matundu yawe mraba, ukishikize kwa pini mpaka kikauke.