Kuhamisha Data Huku Kazi Ikiendelea

Diski za kompyuta huchakaa, tena hujaa. Siku hiyo ifikapo, hapana budi data iliyomo ihamishiwe kwenye diski mpya. Kwa kompyuta ya mtu mmoja jambo hili ni jepesi. Lakini seva, yaani kompyuta inayowahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, haizimwi hivi hivi. Terabaiti 4 zikipitishwa katika mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde, uhamisho huchukua karibu saa 9, hata mtandao usipolegea. Ni hospitali gani iwezayo kukaa muda huo bila majalada ya wagonjwa?

Kunakili bila kusimamisha kazi nako kuna hatari yake. Mfano ni karani anayenakili daftari la madeni huku mwenye duka akiendelea kuliandika. Karani afikapo ukurasa wa mwisho, ukurasa wa tatu umekwisha kubadilika, na nakala yake haifanani na daftari la saa yoyote.

Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, walitoa programu iitwayo rsync. Programu hii hulinganisha nakala na asili yake, kisha hupeleka yale tu yaliyotofautiana. Kwa hiyo mafundi hunakili data yote kwanza, watu wakiwa kazini. Hurudia tena, na mara hii mabaki ni machache. Ndipo huduma husimamishwa na mzunguko wa mwisho hufanywa. Ikiwa yaliyobadilika ni gigabaiti 20, kuyapitisha hakufiki dakika 3, ingawa kuyakagua mafaili yote ili kuyapata huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Hifadhidata, ambayo huandikwa kila nukta, yataka njia yake yenyewe: seva ya pili huipokea kila badiliko papo hapo, hadi itakapoachiwa kazi.

Hata hivyo, data kufika salama si mwisho wa safari. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza, yenye wateja wapatao milioni 5.2, ilihamia mtambo mpya. Data yenyewe ilihama vyema. Mtambo ndio ulioshindwa kuwahudumia watu, na wengi hawakuweza kuzifikia fedha zao. Hali ya kawaida ilirejea Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65.

Ndiyo maana fundi mwangalifu haifuti diski ya zamani. Lakini wengi husahau kwamba kinga hiyo ni ya muda mfupi mno. Mteja wa kwanza akiisha kuandika katika diski mpya, ile ya zamani imepitwa, na kuirudia ni kuyapoteza aliyoyaandika. Majaribio yote, basi, hufanywa katika zile dakika chache ambapo nakala imekamilika na mlango haujafunguliwa.