Mnyauko wa Viazi Ulaya

Pengine mkulima huenda shambani akakuta majani ya viazi ulaya yamelegea, nayo yangali mabichi, na udongo una maji. Ugonjwa huu ni mnyauko. Wauletao ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huziba mishipa ya shina, maji yasipande. Mwaka 1896 mtaalamu wa Marekani, Erwin F. Smith, aliandika habari zao.

Wataka kuhakikisha? Kata shina karibu na ardhi, ukining'inize kipande chake katika bilauri ya maji safi. Baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka. Hao ndio bakteria.

Nao wako wa namna nyingi. Wengine hupenda joto, hudhuru nyanya, biringani na tumbaku. Bali namna moja huvumilia baridi ya milimani, nayo ni adui mkubwa wa viazi vya Kenya na Uganda. Hujificha hata katika kiazi kinachoonekana kizima. Basi apandaye kiazi hicho hupanda na maradhi.

Dawa ya kuuponya mmea haipo. Ng'oa uliougua pamoja na viazi vyake, safisha jembe, panda mahindi hapo kwa misimu kadhaa. Na kabla ya kumpa jirani mbegu, litazame kwanza shamba lako.