Kinga, chukudu na mgeni anayehamia Goma

Mpenzi wa baiskeli akihamia Goma hupata somo la kwanza kabla hajagusa pedali: chombo chake hakiitwi baiskeli. Huku ni kinga, au velo kwa anayechanganya na Kifaransa. Mwanafunzi aliyelelewa na kamusi za Dar es Salaam akisikia "kinga yangu imetoboka" atafikiria chanjo, au mwavuli. Lakini kinga hii haikuzaliwa na kitenzi kukinga. Ni ndugu wa nkinga ya Kilingala, na watu huitumia kutoka huku Kivu hadi Lubumbashi. Sioni haki ya kulipigia neno hili mstari mwekundu katika insha za wanafunzi wetu, wakati bodaboda na bajaji zinapita bila kuulizwa cheti cha kuzaliwa.

Tena vyeti vyenyewe tunavijua. Bajaji ni jina la kampuni ya India. Bodaboda ilianzia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako vijana walivusha abiria kwa baiskeli kutoka "boda" moja hadi nyingine. Baadaye pikipiki ilirithi jina, na leo wengi hawakumbuki kwamba mwenye jina alikuwa baiskeli. Pikipiki nayo imetajwa kwa mlio wake. Kwa njia hiyohiyo, wenyeji wengi wa Goma watakuambia kwamba chukudu ni sauti ya magurudumu ya mbao juu ya mawe. Wanaoandika Kifaransa wamelipokea neno hilo, wakalibandika kiambishi tamati chao, wakapata chukudeur: shina la huku, mkia wa kule.

Na bila chukudu mgeni hawezi kuielewa barabara ya Goma. Si baiskeli iliyokosa pedali, wala si kitu cha watoto kuchezea. Mwili wake ni ubao mmoja mrefu na mzito, mara nyingi wa mkaratusi. Mbele una usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe, na chini magurudumu mawili madogo ya mbao yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu la gari. Ndani ya magurudumu kuna beringi. Mwenye chukudu huweka goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukasukuma ardhi. Kwenye mteremko husimama na kuiachia iende, na breki yake ni kipande cha mpira anachokikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye mlima hushuka akasukuma, na mzigo ukizidi huomba wenzake. Viazi, kabichi na makala (ya kupikia, si haya unayoyasoma) huteremshwa hivyo kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, kwa mamia ya kilo kwa safari moja. Mji umekitambua chombo hiki kwa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye Rond-point Tshukudu. Sijui mji mwingine uliompa heshima hiyo msukuma mizigo.

Kwa nini mbao, wakati baiskeli za chuma zipo sokoni? Jibu liko chini ya miguu. Goma imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na juu yake kuna Nyiragongo yenye mita 3,470. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama pembeni mwa mji. Watu wamejenga nyumba na njia juu ya mwamba huohuo. Barabara kuu zina lami, lakini ukikata kona kuingia mtaani unakutana na jiwe jeusi lenye ncha, linalokata mpira kama chupa iliyovunjika. Chukudu haina mpira wa ndani wa kutoboka wala cheni ya kukatika, na kikivunjika kipande, fundi mwenye shoka na misumari hutengeneza kingine.

Kwa hiyo anayekuja na kinga ya tairi nyembamba za mashindano aiache alikotoka. Alete tairi pana, mipira ya ndani ya akiba, pampu na viraka. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke pia kwamba Kongo tunaendesha upande wa kulia. Macho hukubali mapema, mikono huchelewa. Halafu kuna heshima ya njia, ambayo hakuna kibao kinachoiandika. Chukudu iliyobeba magunia sita haiwezi kusimama ghafla kwenye mteremko, hata mwenyewe akitaka. Mwenye kinga nyepesi ndiye wa kupisha. Motari naye hupita pande zote mbili, kwa hiyo kukata kona bila kugeuza shingo ni kujitafutia hospitali.

Mazoezi ya utulivu hufanyika asubuhi mapema, upande wa Himbi karibu na ziwa. Zamani ushauri ungeendelea na barabara ya Sake, kilomita 25 hivi magharibi, au ya Rutshuru. Sasa swali la kwanza kuhusu njia hizo ni usalama, mlima unafuata. Tangu M23 ilipoutwaa mji mwishoni mwa Januari 2025, mpenda kinga anauliza wenyeji kila mara kabla ya kutoka, na jibu la wiki iliyopita halitoshi.

Ukivuka mpaka kuingia Gisenyi, mambo hubadilika kwa hatua chache. Kinga inakuwa igare, nayo hubeba abiria. Mwendeshaji wake ni umunyonzi. Huko Rwanda igare pia ni mchezo wa kitaifa: Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika Afrika.

Mgeni akipita Petite Barrière, atazame pia vyombo vya magurudumu matatu. Wengi wanaoviendesha ni wafanyabiashara wenye ulemavu, kiti kikiwa katikati na mizigo imepangwa pande zote, huku msaidizi akisukuma nyuma. Biashara ndogo ya mpaka imebebwa kwa miaka mingi juu ya vyombo hivyo. Sijaona kamusi ya Kiswahili iliyoorodhesha majina ya sehemu zake, wala za chukudu. Anayetafuta mada ya kumalizia shahada anaweza kwenda Birere na daftari, awaulize mafundi, akianza na ule mpira wa breki.